Baba Alipompeleleza Mchumba Wangu

Baba yangu alistaafu upelelezi muda mfupi kabla ya vita, na kabla hajazoea kukaa nyumbani alikuwa ameshapata kazi nyingine ambayo hakuiomba. Wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi walianza kuja asubuhi, mmoja mmoja, wakamwambia mama kwamba wanamtaka Inspekta kwa neno dogo. Neno hilo lilikuwa lile lile kila mara. Kuna mwanamume ameleta posa kwa binti yao, na wao hawamjui.

Zamani kuuliza habari za mchumba ilikuwa kazi ya shangazi. Shangazi alikwenda mtaa anaotoka kijana, akaingia nyumba ya jirani, akaomba maji ya kunywa, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa anajua kama kijana anakunywa pombe, kama ana mtoto mahali, kama mama yake ni mkali. Vita viliiharibu kazi hiyo. Watu wa mtaa huu walihamia ule, wengine walivuka kwenda Uvira au Kigoma, na katika nyumba nyingi walikaa watu wasiojua hata jina la aliyejenga. Kijana aliweza kusema ametoka popote na ni mtoto wa yeyote. Jirani wa kuombwa maji hakuwapo tena. Ndipo akina mama walipomkumbuka baba.

Baba alikuwa na njia yake ya kufanya kazi, na aliipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Hakuuliza maswali. Alisema ukimuuliza mtu swali unampa nafasi ya kufikiri, na mtu akishafikiri amekuponyoka. Yeye alisema uongo mdogo, kwa utulivu, halafu akanyamaza na kungoja. Aliamini kwamba binadamu anaweza kuvumilia njaa na jua, lakini hawezi kumwacha mwenzake na habari isiyo sahihi.

Nakumbuka posa moja ya dereva wa lori, kijana mtanashati aliyeapa kwamba hajapata kuoa. Baba alikwenda kunyolewa kwa kinyozi wa dereva huyo. Alipokuwa na sabuni shavuni akasema, kama mtu anayepitisha muda, kwamba mke wa yule dereva, aliye kule Rumonge, amejifungua salama. Kinyozi hakusimamisha hata wembe.

"Apana, Inspekta. Rumonge ni kwa mama yake. Muke iko Nyanza-Lac, na mimba ingali changa."

Baba alimaliza kunyolewa, akashukuru, akarudi nyumbani. Posa ilirudishwa siku ile ile, na mama wa yule binti alituletea sahani ya wali kila Ijumaa kwa mwaka mzima.

Kabla ya polisi baba alikuwa askari wa majini. Nimeishi Kigoma, Kalemie na Mpulungu, nimepita miji mingi ambayo sikukaa, na kila mahali watu hucheka wakisikia kwamba nchi yetu isiyo na bahari ilikuwa na askari wa majini. Baba hakucheka. Tulikuwa na ziwa linaloweza kumeza meli, na yeye alikuwa ameliona likifanya hivyo. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na minane, mtoto wa fundi cherehani, Mswahili wa mjini, kwa sababu moja tu. Alijua kuogelea, na wengi wa waliokuja kuandikishwa siku ile hawakujua. Miaka michache baadaye ndiye aliyewafundisha askari wapya kuogelea. Aliwaingiza majini mpaka kifuani, akawaambia walale chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wa kila mmoja, halafu akakiondoa bila kuwaambia.

Mashine za maboti ziliua sikio lake la kushoto. Ndiyo sababu alihamishiwa polisi, na ajabu ni kwamba kasoro ile ilimsaidia. Ili asikie vizuri ilibidi amwinamie mtu na kumgeuzia sikio la kulia, na washukiwa waliona kama anawaonea huruma. Mama alisema wengi waliungama kwa kudhani wamepata rafiki. Aliongeza kwamba hata yeye alichumbiwa hivyo hivyo, akainamiwa, akadhani ni mapenzi, kumbe mtu hasikii.

Nyumbani alituweka kama watu wa botini. Risasi zikianza kulia upande wa milima, kila mmoja alikuwa na nafasi yake ukutani na kitu chake cha kushika. Mama alishika mfuko wa vyeti, mimi bidoni la maji, baba redio na funguo. Hakuna aliyeruhusiwa kukimbia au kuuliza. Majirani walitusema kwamba tunacheza gwaride, lakini watu wa nyumba tatu walikuja kukaa nasi siku zile mbaya kuliko zote, na baba aliwapa nafasi zao pia. Nikiwa katika ukuta ule sikuogopa kamwe. Mpaka leo sijui kama ni ujasiri au ni mazoea ya kuwa na baba anayejua mahali pa kukaa.

Nilipomaliza sekondari nilipata kazi bandarini, katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha, kupiga taipu hati za mizigo ya Kigoma na ya Kongo. Karibu na ofisi kulikuwa na kibanda cha fundi wa mashine za maboti. Alikuwa na miaka karibu thelathini, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuja kwetu kuomba karatasi zilizoharibika ili afutie mikono yenye grisi. Nilimpa. Baadaye nikaanza kuharibu karatasi ambazo hazikuhitaji kuharibika, na bosi wangu akanionya kuhusu makosa yangu ya taipu.

Mwaka uliofuata fundi alileta posa. Alileta barua iliyoandikwa vizuri, akiwa na mwenzake wa kazi na mzee mmoja wa msikitini, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine mjini. Wazazi wake walikuwa wamefariki. Alikulia mtaa wa Gasenyi, na ndugu zake walitawanyika vita vilipofika kule. Aliyebaki alikuwa shangazi yake, aliyekimbilia Uvira. Baba aliipokea barua kwa mikono miwili, akasema maneno aliyowafundisha wazazi wa mtaa mzima kusema, kwamba tumepokea na tutauliza.

Mama alimwambia safari hii amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Alisema daktari hampasui mwanawe. Baba akajibu kwamba yeye si daktari.

Alianza na Gasenyi. Alikwenda kwa baiskeli, akaikuta nyumba ambayo fundi alimwelekeza, ikiwa na familia nyingine ndani. Watu wale walikuwa wakimbizi vile vile, kutoka milimani. Walipomwona mzee aliyenyoosha suruali, ana kalamu mfukoni, walidhani amekuja kuwatoa. Mama wa nyumba alimpa kiti, akaanza kulia na kumweleza kwamba hawakuvunja mlango, waliukuta wazi. Baba hakujua la kufanya. Alikunywa uji aliopewa, akawatengenezea bawaba ya dirisha, akarudi bila kumtaja fundi kwa mtu yeyote. Katika mtaa ule hapakuwa na mtu mmoja aliyekuwapo miaka mitano iliyopita.

Kwa hiyo alikwenda bandarini. Siku hiyo mimi nilikuwa ofisi za forodha na hati zangu, na yaliyotokea niliyapata baadaye, kwake na kwa makuli. Alikaa kwenye benchi la mama anayeuza kahawa, karibu na lango, mahali ambapo makuli hupumzika wakingoja boti ishushwe. Akanunua kahawa. Baada ya muda akasema, akitazama maji, kwamba yule fundi wa mashine bila shaka ndiye anayevuka na maboti kwenda ng'ambo na kukaa huko juma zima.

Ulikuwa uongo wake wa kawaida. Alitegemea mtu aseme apana, yule haendi popote, analala na spana zake, au aseme haendi Kigoma, anakwenda Uvira kwa mwanamke fulani. Jibu lolote lingemfaa.

Hakuna aliyejibu. Kuli mmoja aliinuka akavaa gunia lake kichwani ingawa hapakuwa na mzigo. Mwingine alikwenda kukojoa na hakurudi. Mama wa kahawa alianza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Baba alikunywa kahawa yake mpaka machicha, akarudi nyumbani akiwa na uso niliouogopa tangu utoto, uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Jibu ni apana," aliniambia. "Huyo mutu ana jambo. Mi nimemutaja tu, benchi zima likanyamaza. Nimefanya hii kazi miaka makumi mbili. Watu wakinyamaza namna ile, kuna kitu."

Nilimwambia labda walimwogopa yeye.

"Mi? Mi ni muzee wa pensheni, natembea na baiskeli."

Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na nataka kulieleza sawasawa kwa sababu lilikuwa kosa la mtu hodari. Kwa miaka yote ya kazi yake kimya cha watu kilikuwa na maana. Watu walinyamaza wakimficha mwizi, au ndugu, au aibu. Wakati wa vita kimya kilikuwa cha kila mtu. Watu walinyamaza wakisikia jina lolote, kwa sababu maboti yalishukiwa kuleta silaha, na mtu aliyesemwa kwamba anavuka ziwa alikuwa amesemwa vibaya kuliko mwizi. Zaidi ya hayo, hakuna kuli hata mmoja aliyejua kwamba baba amestaafu. Kwao Inspekta alikuwa Inspekta. Alipokaa pale na kumtaja fundi, walimwona polisi akimfuata mtu.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mama wa kahawa aliingia ofisini kwetu bila birika. Alisimama karibu na meza yangu, akasema chini chini kwamba askari wa bandari wamemchukua fundi na wamemtia kasho, kile chumba cha mahabusu nyuma ya lango. Nilikwenda kwenye kibanda chake. Mashine ilikuwa imefunguliwa juu ya mkeka, kila kipande kimepangwa mahali pake, na ndara zake zilikuwa pembeni. Walimchukua miguu mitupu. Mwenzake aliyeshuhudia aliniambia kwamba walimuuliza jambo moja tu, tena na tena, kwamba anavuka na boti gani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, haraka. Baba alikuwa akipiga pasi mashati yake, kazi ambayo hakumwachia mama hata siku moja. Nilimweleza. Aliisimamisha pasi, akaniuliza wamevaa sare gani, saa ngapi, wamesema neno gani hasa. Nilipotaja neno la kuvuka, alikaa kitako juu ya kitanda.

"Hilo neno ni langu," alisema.

Mama alikuwa mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Sikumsikia akipandisha sauti maishani mwake, na siku ile pia hakuipandisha.

"Basi lifuate," alisema.

Baba alivaa shati lililokuwa bado na moto wa pasi. Nilimwambia ninakwenda naye, na hakubisha. Alinipakia nyuma ya baiskeli, mwanamke mzima wa miaka ishirini na mbili, tukashika barabara ya kusini kwenda Kibenga. Alipiga pedali bila kupumzika. Kwenye kizuizi cha askari alitoa kitambulisho, akajibu walichouliza, akapanda tena. Hatukuongea njia nzima, kwa sababu nilikaa upande wa sikio lake bovu, na kwa sababu sikuwa na jema la kumwambia.

Aliyesimamia askari wa ziwa na wa bandari siku zile aliishi Kibenga, nyumba yenye uzio wa maua iliyotazama maji. Alikuwa mmoja wa wale waliowekewa kiganja cha baba mgongoni. Tulimkuta barazani, amevaa ndara na fulana, anakula maharage. Aliinuka akamshika baba mikono yote miwili, akamwita mwalimu, akasema mpaka leo akiona maji yamepita kiuno anakumbuka kwamba ana kazi ofisini. Akaniagizia soda. Kisha akaona kwamba baba hakuketi.

Baba alimweleza kwamba amekuja kwa ajili ya fundi. Uso wa yule mkubwa ulibadilika. Alisema ameliona jina hilo asubuhi ile ile. Habari iliyomfikia ni kwamba Inspekta anamfuatilia mtu huyo bandarini, na waliomletea walisema kama Inspekta anamfuatilia, kuna kitu.

"Mi nilikuwa nauliza posa," baba alisema.

Yule mkubwa hakuelewa. Baba akarudia, akanionyesha kwa kidevu. Mkubwa alinitazama mimi, akamtazama baba, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, wewe unatafuta mukwe, wao wanasikia adui. Kama ningekuwa safarini juma hili, ungekuja kuniomba maiti."

Shingo ya baba ilikuwa imelowa jasho la barabara.

"Sasa niambie moja," mkubwa aliendelea. "Mi siwezi kufungua mlango kwa sababu ya posa tu. Huyu mutu ni nani kwako?"

Niliacha kunywa soda. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu baba aniambie apana, na kwetu baba akishasema apana hakuna aliyewahi kumrudisha. Hakunigeukia.

"Ni mukwe wangu."

"Umeshamaliza kumuchunguza?"

"Nimemaliza."

"Na umekuta nini?"

"Nimekuta kwamba nilimusingizia."

Alipewa karatasi. Aliandika taarifa yake kwa Kifaransa cha polisi, kwa mwandiko ule wa wima ambao sijauona kwa mtu mwingine, kwamba yeye aliyetia sahihi hapo chini, mpelelezi mstaafu, alitunga habari ya kuvuka kwa sababu za ndoa, na kwamba anaudhamini kwa mwili wake mwenendo wa fundi. Mkubwa aliisoma mara mbili. Alisema itachukua siku moja au mbili, kwa sababu kumtoa mtu kuna ngazi nyingi kuliko kumwingiza.

Nilidhani tutarudi nyumbani. Baba aligeuza baiskeli kuelekea bandarini. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lile lile. Makuli walipomwona walianza kuinuka, na yeye akainua mkono kama anayesimamisha gari.

"Kaeni. Mi nilisema hapa kwamba fundi anavuka. Ni uongo, niliutunga mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Mi si polisi tena, nimestaafu. Ni baba wa huyu binti, na yule kijana aliniletea barua."

Mtu asiyesikia vizuri huongea kwa sauti kubwa, na nadhani mpaka wapimaji wa pamba ghalani walisikia. Kisha kuli mmoja mnene, aliyekaa juu ya gunia, akatikisa kichwa.

"Inspekta, kumbe ulikuwa unatafutia mutoto bwana? Si ungesema? Tungekupa mpaka namba ya kiatu chake."

Walicheka, na baada ya kucheka wakaanza kuongea wote pamoja. Walisema fundi anakoroma. Walisema hanywi pombe lakini anakula sana. Walisema kila boti ya Uvira ikiondoka anampa nahodha sabuni na chumvi ampelekee shangazi yake, na kwamba yeye mwenyewe hajavuka tangu vita vianze kwa sababu anaogopa kuacha spana zake. Walisema alimtengenezea kuli aliyevunjika mguu kigari cha magurudumu matatu. Mama wa kahawa alisema huyo fundi anamwangalia binti wa taipu kama mtu anayeangalia chakula wakati wa mfungo, na hapo nilikwenda kusimama nyuma ya lori.

Fundi alitolewa siku ya tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia kifundo, na vidole viwili havikukunjika. Nilimkuta kibandani, amekaa mbele ya ile mashine iliyofunguliwa, hajagusa kitu. Nilimweleza yote, hata yale ambayo alikuwa ameshayasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hana hasira na mimi. Kisha akaniuliza.

"Lakini mi naweza kuwa mukwe wa mutu anayenitungia habari? Leo amesema navuka. Nikikukasirisha kesho, atasema nini?"

Alisema amemtumia habari shangazi yake. Shangazi atakuja, ataangalia, na atakaloamua ndilo litakalokuwa.

Shangazi alifika kutoka Uvira baada ya siku chache, mwanamke mfupi, mweusi tititi, mwenye mfuko mmoja wa plastiki. Aliingia sebuleni kwetu, akasalimiana na mama kwa heshima zote, akamgeukia baba kabla ya kukaa.

"Wewe ndiye umemutia mutoto wangu kasho?"

"Ni mimi."

"Vizuri," alisema, akakaa. Hakulitaja tena siku ile. Alitangaza kwamba kama sisi tulivyouliza, na wao wana haki ya kuuliza, na akaomba mahali pa kulala. Mama alimpa chumba changu.

Kwa siku nne alizunguka Buyenzi, barabara kwa barabara, akiomba maji ya kunywa. Alifanya kama walivyofanya mashangazi wa zamani, na milango ilimfungukia. Baba alibaki nyumbani akipiga pasi mashati yaliyokwisha pigwa. Kila mara shangazi alipopita uani na kandambili zake, baba aliinua macho na kuyashusha. Alikuwa amewahi kuwafanya watu wengi wangoje hivyo. Mama alilijua hilo, na kwa upole wote alionao alimwongezea chai tu.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala shangazi alikaa sebuleni, akatuita sote.

Alisema ameuliza watu wengi. Mama wa binti anasifiwa na kila nyumba. Binti anajua kusoma, mvivu kidogo jikoni, anacheka kwa sauti, na hilo watalizoea. Kisha akamtazama baba.

"Wewe, Inspekta, wanakusifu. Wanasema umewaokolea mabinti wao. Lakini kuna jambo nimelisikia nyumba kwa nyumba. Hujapata kumuomba mutu radhi. Hata wale uliowavunjia posa kwa makosa."

"Kwa makosa?" baba aliuliza. "Nani?"

"Wawili."

"Nani hao wawili?"

"Nikikutajia utaanza kupeleleza tena," shangazi alisema. "Kaa nao hivyo hivyo bila majina. Mi nimemaliza. Mutoto wangu anamutaka binti, na mi nimemukubali. Kilichobaki si changu wala si cha binti. Ni chako, na kiko bandarini."

Sikupata kujua wale wawili ni akina nani, na baba alikufa bila kuwajua. Akina mama waliendelea kuja na neno lao dogo, lakini baada ya siku ile aliwakaribisha chai na kuwaambia waende wenyewe, wakaombe maji.

Kesho yake asubuhi hakupiga pasi. Alitoka kabla ya chai na shati la jana. Mama alinipa chungu cha wali na samaki nikipeleke bandarini kwa watu wawili, akasema kama nitamkuta mmoja tu nirudi nacho.

Niliwakuta wote. Nilisimama nje ya kibanda kwa kuwa baba alikuwa anaongea, na alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, jambo lililomgharimu, kwa sababu akiongea hivyo yeye mwenyewe hajisikii. Alikuwa amesimama. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine, anajaribu kushika spana kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuja kukuomba radhi," baba alisema. "Nilisema neno la uongo juu yako, na walipoogopa nikasema wewe ndiye mbaya. Nimekuvunja mkono. Sina udhuru. Nisamehe, mwanangu."

Spana ilimteleza fundi, akaiokota, ikateleza tena.

"Mi nilikuwa nangoja uniambie hukujua itakuwa vile," alisema.

"Nilitakiwa kujua. Ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote."

Fundi akasogea pembeni kidogo juu ya mkeka.

"Muzee, nishikie hili bomba. Peke yangu siwezi."

Baba alikunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye grisi, akalishika bomba kwa mikono miwili. Aliuliza kama mashine hii ni ya boti ya mizigo, fundi akasema ndiyo, na baba akasema katika ujana wake zilikuwa nzito mara mbili ya hii na zilikuwa zinaua masikio. Fundi akauliza sikio lipi. Baba akamwonyesha. Niliingia, nikaweka chungu chini, nikafungua wali. Hakuna aliyeniangalia.

Baadaye, wakila, baba aliuliza mkono utapona lini, maana sasa palikuwa na harusi ya kupanga.

"Harusi tutafanya na mkono huu huu, muzee," fundi alisema. "Nitasaini kwa kushoto."

Mashine haikuwaka siku ile. Baba aliirudia kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka ikawaka.